Mashine Iliyomkataa Mama Zaina

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Korogwe, nilifika na bisibisi mpya na kiburi cha cheti kipya. Mkuu wa kitengo cha kompyuta alinionyesha printa iliyogoma, nami nikaanza kuifungua palepale. Akanizuia. "Kijana, usifungue kitu ambacho hujakiona kikifa," alisema. "Kiwashe, kife mbele yako, ndipo uulize kimekufa kwa nini." Maneno hayo nimeishi nayo hadi kustaafu. Nawaandikia ninyi mnaoanza sasa, maana naona wengi dawa yenu ni kuzima na kuwasha tu.

Baadaye nilihamishiwa Handeni, kwenye hospitali moja iliyokuwa imeanza kuweka kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta. Karani wa mapokezi alikuwa Mama Zaina, Mzigua wa hukohuko, mpole lakini si wa kuburuzwa. Tulipokutana aliniuliza mimi ni wa nani, babu yangu nani, mama katoka wapi, na kule kwetu Kerenge tunakaa kitongoji gani. Nilipomaliza kujibu akasema, "Haya, sasa nakujua."

Programu ya kumbukumbu ilikuwa ikianguka, yaani inajifunga ghafla katikati ya kazi, na ilianguka kwenye mashine yake tu. Tulimbadilishia mashine, ikaanguka na ile mpya. Foleni ilifika nje, watu wakaanza kunong'ona kwamba ana mkono mbaya. Katibu wa hospitali, mtu wa haki lakini aliyechoshwa na malalamiko, aliniambia wiki ikiisha bila jibu atamtoa mapokezi ampeleke stoo. Habari zikamfikia mwenyewe. Hakulalamika, ila aliacha kula na wenzake mchana, na mimi iliniuma sana.

Hapa niwaeleze kidogo. Programu haifungui faili yenyewe. Hukiomba kiini, ile sehemu ya ndani kabisa ya kompyuta inayotunza diski. Ombi hilo tunaliita mwito wa mfumo. Tuna chombo kiitwacho kifuatiliaji, ambacho hukaa kando na kuandika kila ombi na kila jibu, kama mtu aliyeketi mlangoni kwa mkubwa akisikiliza nani kaomba nini na kajibiwaje. Nilikiwasha kwa Mama Zaina. Kikaandika vizuri, mara nacho kikaanguka, tena kabla ya ile programu.

Katibu alikuwa nyuma yangu. "Fundi, hata kipimo chako kimemshindwa huyu mama."

"Kipimo kikivunjika, Katibu, tunakipima kwanza chenyewe," nilimjibu, na nilikuwa nimekasirika.

Nilivuta kiti, nikamwomba Mama Zaina aendelee kama kawaida. Wenzake walimwandika mgonjwa majina yake mawili. Yeye alimwuliza kila mtu kama alivyoniuliza mimi: baba, babu, mama, balozi wa nyumba kumi, kitongoji, kijiji, na ukoo ulikotokea. Yote aliyajaza kwenye nafasi ya jina, na programu ikalitumia jina hilo kuliita faili la mgonjwa. Nikamwuliza kwa nini anajisumbua hivyo.

"Hapa Handeni kina Mwanahamisi Hamisi ni wangapi?" alisema. "Mmoja aliwahi kupewa dawa ya mwenzake. Nikifupisha, nimwache nani, baba au babu?"

Nilikifungua kifuatiliaji, nikasoma msimbo wake, yale maagizo kilichoandikwa nayo. Aliyekitunga alitenga nafasi ndogo ya jina, kisha akamimina bila kupima, na jina la Mama Zaina likafurika hadi kwenye nafasi za jirani. Nikakirekebisha kipime kwanza. Safari hii kilisimama imara, kikatuonyesha jibu la kiini: jina ni refu mno, ombi limekataliwa. Programu ya kumbukumbu haikusikiliza kukataliwa huko. Ilikwenda kuandika kwenye faili ambalo halipo, ikaanguka. Tukaifanya isikilize majibu, faili tukaliita kwa namba, na majina yote tukayaweka ndani, hata yakiwa marefu vipi.

Siku chache baadaye Katibu alimleta mama yake mzazi kutoka Kabuku, akayapita madirisha mengine, akapanga foleni kwa Mama Zaina. "Naomba umwandike mama yangu," alisema. "Usimfupishe."

Sasa nimestaafu, nalima mahindi yangu Kerenge. Mama Zaina naye amestaafu. Jambo nililojifunza kwa miaka yote ile ni kwamba mashine haimchukii mtu. Ukiona inamkataa mmoja, nenda kakae naye umtazame anavyofanya kazi.

Juzi presha ilinipeleka Handeni. Dirishani nilimkuta binti nisiyemfahamu. Akaniamkia, akaniuliza jina, nikamtajia mawili. Alisubiri, vidole juu ya kibodi.

"Ni wa nani, na babu yako ni nani?" akauliza. "Samahani mzee wangu, sisi hapa tulifundishwa hatumfupishi mtu."

Nikaanza na baba yangu, nikaja kwa babu, na kitongoji chetu cha Kerenge nikakitaja kabla hajaniuliza.