Motokaa Isiyosimama kwa Shikamoo

Siku hii ninayotaka kukusimulia, mwanangu, naikumbuka hadi harufu yake: ngozi ya viti na petroli. Nakuita mwanangu ingawa nina miaka kumi na saba na ndevu zangu bado unaweza kuzipa majina moja moja. Lakini mimi ni wa darasa la nane, wewe ni wa darasa la tano, na bwenini kwetu hapa Dongobesh hiyo inatosha kunifanya mzee wako. Wazee wa kweli wana kazi nyingi. Kaa chini, na hizo njugu zisogeze huku.

Jana niliwasikia mkibishana kuhusu motokaa mtakazonunua mkiwa wakubwa. Wewe ulisema utachukua moja ya zile ndefu za Kiingereza, za fahari, iliyokwisha tumika, kwa sababu ikiwa kuukuu bei inashuka lakini fahari haishuki. Nilicheka, lakini chini ya blanketi. Kaka yangu Hamisi alisema maneno hayo hayo mwaka juzi, na ilibakia kidogo tu tuwe masikini wenye viti vya ngozi.

Baba alipofariki alituachia lori. Sisi ni watu wa duka, tunakaa Katesh. Baba alitoka Kondoa, mama Singida, na sisi tukazaliwa hapo chini ya mlima Hanang. Lori lile lilikuwa na mlango mmoja uliofungwa kwa kamba na mwingine uliofungwa kwa matumaini. Lakini lilikuwa likiamka. Kila siku ya mnada, alfajiri, lilipita Nangwa na Mogitu kuchukua maharage na vitunguu vya watu, likavileta Katesh, na unga wetu wote ulitoka humo. Hata kaptura hii ninayokusimulia nikiwa nimeivaa imetoka humo. Lilikuwa letu sisi wawili, Hamisi na mimi. Mama alikuwa na fungu lake pia, ila alisema hataki kumiliki kitu kinachovuja mafuta. Kwa hiyo Hamisi hakuweza kulitoa bila kauli yangu.

Sasa, kulikuwa na Mzungu mmoja wa mashamba ya ngano, ng'ambo ya Mogitu ukielekea Nangwa. Alikuwa anarudi kwao na alihitaji lori la kubebea meza na makabati yake mpaka pwani. Alikuwa na motokaa. Nyeusi, pua ndefu, taa kubwa kama mabakuli ya pilau, viti vyekundu vya ngozi, na mbele ya dereva ubao uliong'arishwa wenye saa ndani yake. Saa ilikuwa imekufa. Hamisi alisema saa si kitu.

Mzungu alitaka wabadilishane: lori kwa motokaa, basi. Hamisi hakulala wiki nzima. Alitaka watu wamwite tajiri, na hakuna mtu aliyewahi kuitwa tajiri akiteremka kwenye lori letu.

Tulikwenda shambani siku ya mnada, asubuhi, mimi, yeye na mama, kwa lori lenyewe. Tulipofika motokaa ilikuwa inanguruma uani, imeshawashwa. Hamisi aliona ni ukarimu, kama mwenyeji aliyekuwekea chai jikoni. Mimi nilikuwa naangalia viti.

"Iko moto tayari," Mzungu akasema. "Hapana haja kuzima. Leo chukua, tembeza. Kabla jua kulala, leta hapa, chukua lori yako. Kama hapana leta, basi, mimi iko na lori, wewe iko na motokaa. Kwisha."

"Na hendeli ya kuwashia?" mama akauliza.

"Hendeli ilipotea wakati ya vita."

Hamisi akampa mkono. Nikamwambia mimi bado sijakubali. "Utakubali jioni," akasema, "ukishaonja viti." Basi tukaliacha lori uani kwa watu, nikavionja viti. Sitakudanganya, mwanangu. Ukikaa pale unajisikia kama umezaliwa mahali pengine.

Barabara ya kwenda Katesh siku ya mnada inajaa watu, na wengi ni wazee. Wewe unazijua desturi zetu. Humpiti mzee. Unasimama, unateremka au angalau unazima kelele, unasema shikamoo, anaitika, halafu anauliza habari za nyumbani, za mifugo, za mvua, na habari za shule kama kuna mtu mwenye sura ya msomi, nami ninayo. Mzee wa kwanza tuliyemkuta alikuwa na mbuzi wake. Hamisi akasimama. Shikamoo, marahaba, nyumbani hawajambo, na kabla hatujafika kwenye mvua motokaa ikakohoa, ikanyamaza.

Hamisi akabonyeza kitufe cha kuwashia. Ikasema kwe, kwe, ikaacha.

Tukasukuma. Mama aliteremka na khanga yake mpya akasukuma, na mzee naye akaniwekea kamba ya mbuzi mkononi akaenda kusukuma. Mama alikuwa anasema, "Astaghfirullahi, mzee wa watu anasukuma!" Ikawaka. Mbele kidogo tukawakuta mabibi wenye mitungi ya maziwa. Tukasimama, tukaamkia, ikazima, tukasukuma. Mabibi hawakusukuma, walicheka tu. Mama aliporudi ndani alikuwa na vumbi mpaka kope, na hakuegemea tena.

Halafu tukamkuta Mzee Qamara.

Huyu ni mkulima wa Nangwa, rafiki wa baba tangu lori likiwa jipya. Baba alipokufa alikuja kwa miguu akalala kwetu mpaka matanga yakaisha. Maharage yake yalipanda lori letu kila mnada, na kwa kuwa yeye alipakia kwetu, nusu ya Nangwa ilipakia kwetu. Siku ile alikuwa amelisubiri lori barabarani tangu alfajiri. Halikutokea, basi akawafunga nira maksai wake wa kulimia, akapakia magunia juu ya gogo la panda, lile lenye matawi mawili ambalo maksai huburuta, akashika njia mwenyewe. Sasa alikuwa kwenye kilima cha Mogitu, amesikia gari, amesimamisha maksai pembeni, ameshikilia fimbo yake, anatungoja.

"Simama," mama akasema.

"Mama, hapa ni mlimani. Ikizima tutaisukuma wapi?"

"Yule ni Qamara."

"Namwona."

"Kama unamwona, simama."

Hamisi akapiga honi, akapunga mkono dirishani kama DC, akapita. Niligeuka nyuma. Mzee hakuonekana tena, ni vumbi tu lilikuwepo mahali alipokuwa.

Mama akajifunika uso kwa khanga mpaka Katesh.

Mnadani tulipokelewa kama mabwana. Watu waliizunguka motokaa, wakajitazama kwenye milango yake, mmoja akachana nywele. Hamisi akaiacha ikinguruma, akaegemea taa, akaniita mbele ya watu wote. "Haya, msomi. Sema ndiyo, tumalize."

Nikamwambia, "Izime kwanza. Halafu iwashe bila kusukumwa. Ikiwaka, fungu langu la lori ni lako, nami nitakuita tajiri mpaka ufe."

Akanitazama. Akaenda akakaa kwenye usukani, akashika swichi, na asiizungushe. Mkono ulikaa pale. Watu wakaanza: "Zima tuone, tajiri!" Mwingine, mchinjaji, akasema, "Anaogopa itapata usingizi." Ndipo nilipojua kwamba alikuwa anajua. Tangu kwa mzee wa mbuzi alikuwa anajua, ila alikuwa anaomba asiulizwe.

Akazima. Akabonyeza. Safari hii haikusema hata kwe.

Tuliisukuma ikauzunguka uwanja wote wa mnada, vijana wakiimba, ng'ombe wakitukimbia. Ilikuwa imekufa kabisa, na kwa heshima zote, maana watu walihudhuria wengi. Walipochoka wakarudi kwenye nyama zao, tukabaki watatu na mkweche unaong'aa.

Mama akatazama juu. "Hamisi, jua liko wapi?"

Hapo ndipo yale maneno ya Mzungu yalipotuingia. Kabla jua kulala. Lori la baba lilikuwa uani kwake, ng'ambo ya Mogitu, na kitu pekee cha kulirudishia kilikuwa hiki kisichotembea. Gari jingine mnadani hapakuwa nalo. Kulikuwa na maksai wawili tu waliozoea nira, na mwenye maksai alikuwa ndiyo kwanza anashusha magunia yake, bado mweupe kwa vumbi letu.

"Nenda," mama akasema.

Hamisi akaenda, mimi nyuma yake. "Shikamoo, mzee."

Mzee Qamara akaendelea kufungua kamba. Mwanangu, umewahi kutoa shikamoo isiitikwe? Unabaki nayo mdomoni kama kiazi cha moto. Hamisi akairudia. Mzee akahamia kamba nyingine.

Nikajaribu yangu. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Masomo hayajambo?"

"Hayajambo, mzee."

"Mwambie huyo uliyekuja naye kwamba salamu yake ilinipita asubuhi kule Mogitu. Labda bado iko njiani."

"Mzee," Hamisi akasema, na sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo kuliko yangu, "ikisimama inazima. Ndiyo maana sikusimama. Na tusipoirudisha leo, lori la baba limekwenda."

Mzee akamtazama kwa mara ya kwanza. "Lori limewekwa rehani kwa kitu hiki?"

"Ndiyo, mzee."

Akatema mate pembeni, akaenda akawashika maksai pembe. "Leteni mnyororo," akasema. Marahaba hakuitoa.

Basi tuliondoka Katesh hivi: mbele Mzee Qamara na fimbo, nyuma yake maksai, nyuma ya maksai motokaa ya fahari, ndani yake Hamisi peke yake ameshika usukani. Mama alikataa kuingia, akatembea. Nami nilitembea, kwa sababu mtu anayecheka hawezi kukaa vizuri kwenye kiti cha ngozi.

Tulipofika kwenye kile kilima cha Mogitu, jua limeshuka sana na mlima umeanza kumwaga kivuli chake, mzee akawasimamisha maksai. Akatoka barabarani, akaenda kusimama pale pale aliposimama asubuhi, fimbo mkononi, akatulia.

"Mzee," Hamisi akaita kutoka dirishani, "jua linazama."

"Nalo naliona."

Nikamtazama mama. Mama alikuwa anatazama barabara kama mtu asiyetujua. Kila pumzi tuliyovuta pale ilikuwa inakula lori. Hamisi akafungua mlango, akateremka, akarudi nyuma hatua kadhaa, akaja akitembea kama mtu anayetoka safarini, akasimama mbele ya mzee, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mnatoka wapi?"

"Mnadani, mzee."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Ng'ombe?"

"Hatuna ng'ombe, mzee. Tuna lori."

"Lori halijambo?"

Hamisi akageuka kutazama upande wa shamba. Machozi yalikuwa yamemjaa. "Sijui, mzee."

"Basi twende tukalitazame," Mzee Qamara akasema, akarudi kwa maksai wake, na safari hii aliwatandika.

Tuliingia uani jua likiwa limekalia ukingo wa dunia. Mzungu alitoka na kiko chake. Akatazama maksai, akatazama motokaa, akatazama jua. Nadhani alikuwa akiliomba liharakishe.

"Ng'ombe navuta motokaa yangu?" akasema. "Hii hapana patano."

"Patano lilikuwa iletwe, bwana," mama akajibu. "Imeletwa. Kama una neno, iwashe."

Hakuiwasha. Akaonyesha lori kwa kiko, akaingia ndani. Hamisi akazungusha hendeli mara moja, na lile kopo letu likanguruma, moshi mweusi mpaka kwenye mapazia ya Mzungu. Mama alilipiga lori kofi ubavuni, kama unavyompiga mtoto aliyepotea ukishampata.

Mzee Qamara hakuweza kupanda, alikuwa na maksai wa kurudisha Nangwa. Kwa hiyo tulimsindikiza. Hamisi aliendesha nyuma ya maksai kwa mwendo wa maksai, taa zikiwamulikia njia, na honi hakuigusa.

Sasa sikiliza, mwanangu, maana njugu zinakwisha. Sisemi usinunue motokaa kuukuu ya fahari. Hata mimi bado naviota vile viti. Nasema, ukiikuta imewashwa, mwambie mwenyewe azime, nenda zako kanywe chai, urudi ikiwa baridi. Usikae kitini kabla hujasikia injini, kwa kuwa ukishakaa masikio yanaziba. Uliza hendeli iko wapi. Uliza na vyuma vyake vikikatika vinatoka nchi gani, na kwa meli au kwa ndoto. Nenda na mtu asiyeipenda, mama anafaa. Halafu jiulize unachokitoa kilikuwa kinamlisha nani, na umemwambia au bado yuko barabarani anakusubiri. Na kitu chochote kitakachokufanya uwapite watu wako ukiwapungia mkono, hata ukipewa bure, hicho ni ghali. Kirudishe mapema, jua likiwa bado liko juu.

Haya, inua kichwa nikuombee. Mungu akupe gari linaloamka asubuhi ya baridi ya Hanang. Akupe breki, na sababu za kuzitumia. Akupe mtu wa kukuambia simama, na masikio ya kumsikia. Na utakapokuwa mzee wa kweli, mwenye mvi zako mwenyewe, si hizi zangu za vumbi la chaki, vijana wateremke kutoka kwenye magari yao waje kukuamkia, hata siku ambayo wana haraka. Amina. Itikia, basi.