Meli Fupi ya Kwenda Kameruni

Mjerumani wa misheni alipohamishiwa Kameruni, alimwomba mume wangu, aliyekuwa seremala wake, aende naye akajenge huko miaka miwili, achukue na watu wawili wa kwake. Mume wangu akanitaja mimi na baba yake, maana Makwale nzima hapakuwa na wa kumshinda mzee yule kwa kujenga nyumba za mianzi. Nilifurahi mpaka nikasahau chungu motoni, ndizi zikaungua.

Wiki nzima hatukuwa na habari nyingine. Tungepanda meli bandarini Mwaya, tulifuate ziwa hadi kusini, tushike mto, halafu bahari. Mama mkwe aliuliza jambo moja tu, kama Kameruni kuna ndizi. Alipoambiwa zipo, akasema basi hao ni watu. Mimi nilitoa mpunga nikapata chungu kipya kwa wanawake wa Ikombe, kwa kuwa sikuwa tayari kupikia chungu cha ugenini.

Mume wangu akaenda Mwaya kuitazama meli. Aliipima kwa hatua, akarudi amenyong'onyea. Kwa furaha ile, hakuna aliyekumbuka kwamba kwetu mke haonani wala hasemezani na baba mkwe. Nilikuwa na miaka mitano ya ndoa, na mzee nilimjua kwa kikohozi tu. Nikikisikia, najitosa migombani mpaka apite. Kwenye meli fupi namna ile ningejitosa wapi, ziwani?

Mzee akatuma neno kwamba atasuka mkeka mrefu, nikae nyuma yake safari yote. Hapo nilipandwa na hasira.

“Mwambie baba yako mimi nakwenda kuona bahari,” nilimwambia mume wangu. “Mikeka nimeiona.”

Nilisema kwa sauti, na kuta za mianzi hazizuii neno. Nikajua nimejiharibia, maana kama ni lazima abaki mmoja, hatabaki mzee kwa ajili ya mwanamke mwenye mdomo. Nililia, wala sioni haya kusema.

Kesho yake asubuhi mzee akaja uani kwetu. Nikajificha ndani. Akamwambia mkewe aliyekuwa naye, kwa sauti ya kunifikia, kwamba mgongo wake hauiwezi meli, aende huyo mwanamke. Mgongo ulikuwa mzima. Jana yake tu alishinda juu ya paa.

“Na bahari yako je?” mama mkwe akauliza. “Umeisema tangu ujana.”

“Nitasimuliwa.”

“Na nani? Mwanao hata mvua hawezi kuisimulia.”

“Na huyo huyo. Akirudi atakaa humo ndani, mimi nitakaa hapa nje. Atanisimulia mwenyewe.”

Sikuwa nimewahi kumwambia neno hata moja. Nikapeleka mdomo kwenye mianzi, nikamshukuru na kumwita baba: “Ndaga, tata.” Na upande wa pili mzee akaniitikia.