Gunia la Njumu za Mafundi

Ta.

Ilikuwa sauti ndogo, kama kijiti cha kiberiti kinapokatika. Bushiri Mgeni ameibeba sikioni miaka thelathini na tatu, na mpaka leo inamkera kwamba haikuwa kubwa zaidi. Kifundo cha mguu wake, mguu wa kipa, kilistahili kishindo. Kilistahili watu wageuke. Lakini siku ile, chini ya ukuta wa uwanja, ilitoka "ta" moja tu, na wenzake wakaendelea kudondoka kutoka juu mmoja mmoja, kila mtu akitanguliza mguu wa kulia kama walivyoagizwa.

Sasa ana miaka hamsini na minane na anashona viatu katika soko la Mchikichini, katikati ya muuza mikanda na mama wa mashuka ya mitumba. Mguu wa kulia anauburuta. Mteja mgeni akimuuliza umepata ajali gani, humjibu bila kuinua macho kutoka kwenye shazia, ile sindano yake nene.

"Walinirusha ukuta. Kamati ya ufundi ilinirusha ukuta kama gunia la mkaa."

Kamati ya ufundi, kwa wasiojua mpira wetu, haina fundi hata mmoja. Ni wazee watatu wanne wanaokwenda kwa mtaalamu, yaani mganga, kabla ya mechi, na mtaalamu huwaambia kila mara kwamba wapinzani wamefukia kitu getini. Kwa hiyo timu isipite getini. Timu iruke ukuta.

Bushiri aliacha kuisikiliza ile kamati. Timu hakuiacha. Mafundi ya Gerezani ni timu ya vijana wa gereji na maduka ya vipuri ya mtaa huo, haipo daraja lolote ambalo gazeti hulitaja, na kwa miaka yote hiyo yeye ndiye anayezishona njumu zao. Na si kuzishona tu. Kuna mwaka kamati ilichukua viatu vya timu usiku kucha, ikapaka dawa ndani, na asubuhi wachezaji watatu wakatoka malengelenge hadi kwenye kisigino. Tangu hapo ikakubaliwa kwamba siku moja kabla ya mechi kila mchezaji atamletea Bushiri viatu vyake, jozi imefungwa kwa kamba zake, na Bushiri atavilaza kibandani ndani ya gunia, kisha atavipeleka uwanjani mwenyewe. Hakuna mkono mwingine unaolishika gunia lile. Mwenyekiti mwenyewe haligusi.

Mwaka huu Mafundi waliingia kombe la taifa, lile ambalo timu ya mtaani inaweza kukutana na timu ya Ligi Kuu ikiwa Mungu ameamua kucheka. Waliifunga timu ya Kibaha bao moja. Walikwenda Morogoro wakashinda kwa matuta ya penalti, na kipa wao, Rogath, akadaka mawili. Wakaifunga ya Tanga mbili kwa moja, hapa hapa nyumbani. Safari zote Bushiri alikaa kiti cha mbele cha basi dogo la Kosta, gunia mapajani, hataki hata liwekwe chini.

Kisha ikapangwa raundi ya nne. Korosho Stars ya Masasi, timu ya Ligi Kuu, waje Dar es Salaam kucheza na Mafundi. Gerezani nzima ilinyamazisha mashine zake ili mtu asome ule ujumbe kwa sauti.

Rogath ni kijana wa Rombo anayekereza vyuma kwenye mashine, mtulivu, mwenye vidole virefu vyenye alama za moto. Ana miaka ishirini na minne. Siku nne baada ya mechi ile alikuwa anatakiwa Mwanza kwa majaribio kwenye timu kubwa. Barua ilikuwa kwenye simu yake na alikuwa ameshamwonyesha Bushiri mara tatu, kana kwamba mzee huyu angeweza kuisoma ikawa kweli zaidi.

Kwa hiyo Alhamisi jioni, kijiweni, Mwenyekiti Anuari alipokohoa na kusema kuna jambo dogo, Bushiri alijua kabla hajalimaliza.

Anuari anauza injini za mtumba. Ni mtu mnene, mkarimu, anayelipia Kosta kutoka mfukoni mwake, na hilo ndilo linalomfanya asikilizwe. "Mtaalamu ameona geti ni chafu," alisema. "Wale jamaa wamefika tangu jana na kitu wameshaweka. Hakuna mguu wa Mafundi kupita pale. Mchezaji, kiongozi, yeyote. Tutapanda ukuta wa kusini kabla ya saa kumi, mguu wa kulia utangulie."

"Chini ya ukuta wa kusini kuna nini?" aliuliza Bushiri.

"Chini kuna ardhi, mzee. Ulitaka kuwe na godoro?"

Vijana wakacheka.

"Kuna vifusi," alisema Bushiri. "Matofali na vyuma. Juu kuna chupa zilizovunjwa. Mmewahi kupima urefu wake, ninyi mnaopima injini kila siku?"

"Tumeshapata usafiri. Kigari cha kirikuu kitaegeshwa, watapanda juu ya bodi."

"Kupanda sijauliza. Nauliza kushuka."

"Mzee Bushiri, ugomvi wako na ukuta mtaa mzima tunaujua."

"Mimi na ukuta hatuna ugomvi. Ukuta haukuitisha kikao. Mmefika raundi ya nne kwa miguu ya hawa watoto, na zawadi yenu ni kuwatupa juu ya matofali. Huyu," akamnyooshea Rogath shazia, "Jumatano anatakiwa Mwanza. Mtampeleka kwenye toroli?"

Rogath aliangalia chini. Mwenyekiti aliangalia saa. "Basi na tufungwe, halafu wewe ndiye utakwenda kuwaambia watu kwa nini," alisema, na kikao kikaisha.

Nyumbani mkewe, Sabaha, alimtengea chakula, Bushiri akakiacha kikapoa. "Unakula hasira tena?" alisema Sabaha. "Haya. Hiyo haihitaji chumvi wala kuongezwa."

Jumamosi Bushiri hakupanda Kosta. Alichukua bajaji kutoka Mchikichini, gunia mapajani, akamwambia dereva asikate kona kwa fujo. Saa tisa na nusu alipita getini, mguu wowote uliotangulia ukatangulia, akatembea hatua nne, akaliweka gunia chini kwenye jua na kulikalia.

"Mzee, hapo si mahali pa kukaa," alisema mkata tiketi, dada mmoja mwenye kofia ya njano.

"Leo ni mahali," alisema Bushiri.

Kosta ilifika saa tisa na dakika arobaini, ikapita geti bila kusimama, ikazunguka kusini. Bushiri aliweza kuuona ukuta ule kutoka alipokaa, ng'ambo ya uwanja. Baada ya muda kichwa kikatokea juu, kisha mabega. Huyo alikuwa Lucky, winga. Alitupa kipande cha mkeka juu ya chupa, akavusha mguu, akaruka. Bushiri alifumba macho. Alipofumbua, Lucky alikuwa anatembea, anajifuta vumbi, anatazama ndala zake. Wa pili akaruka. Naye akasimama salama.

Ndipo wakakumbuka viatu.

Simu ya Bushiri ikaita. Hakuipokea. Ikaita tena, ikaacha, na Anuari mwenyewe akaja kwa miguu akizunguka nje ya uzio, anahema, shati limemgandia. Akafika getini akasimama. Geti lilikuwa wazi kabisa. Kati ya viatu vyake na Bushiri palikuwa na hatua nne na mstari wa chuma ambapo geti hutelezea.

"Mzee. Lete gunia huku kusini."

"Njoo ulichukue. Geti liko wazi."

Anuari aliutazama ule mstari wa chuma. Akarudisha mguu nyuma kidogo, bila kukusudia, kama mtu aliyekanyaga maji.

"Usinifanyie hivyo mbele za watu."

"Watu hawajui kwa nini huingii. Nikuelezee kwa sauti?"

"Dada," Anuari alimgeukia mkata tiketi, "nisaidie hilo gunia, nitakupa ya soda."

"Mimi nakata tiketi," alisema yule dada. "Na wewe hujakata."

Bushiri hakucheka. Alikuwa amekasirika kiasi cha kuona ukungu pembeni mwa macho: alikuwa amewakasirikia Anuari na shati lake, na mtaalamu ambaye hajawahi kushona hata kifungo, na huyo Lucky aliyeruka na asivunjike, kwa sababu sasa watasema, "Unaona?" "Anayetaka njumu zake atapita hapa," alisema. "Sina neno lingine."

Kamisaa wa mechi akaja na karatasi zake. Aliwatazama wote wawili, aliyeko nje na aliyeko ndani, na alionekana amewahi kuona mengi. "Wapinzani wako tayari. Nawapa dakika kumi na tano. Baada ya hapo nitawapa wao ushindi wa mezani na ninyi mtarudi kukereza vyuma."

Hapo ndipo Bushiri aliogopa. Anuari alikuwa na uwezo wa kuacha mechi ife. Alikuwa anaogopa geti kuliko Korosho Stars. Na kama mechi itakufa, itakuwa imefia chini ya makalio yake Bushiri, ikiwa imekaliwa. Alilijua hilo. Hakusimama.

Juu ya ukuta wa kusini ikatokea jezi ya njano. Jezi ya kipa.

Rogath alikaa juu kama aliyepanda punda, mguu mmoja nje, mmoja ndani, akitazama vifusi. Bushiri hakuweza kukimbia uwanja mzima kwa mguu ule. Akanyanyuka, akafungua gunia, akapekua mpaka akapata jozi yenye kamba za kijani, akaiinua juu ya kichwa kwa mikono miwili. Hakuita. Asingesikika.

Ilichukua muda. Kisha Rogath akauvuta ule mguu wa ndani, taratibu, akaurudisha alikotoka, na jezi ya njano ikazama nyuma ya ukuta.

Alifika getini anatembea, ndala zinapiga visigino. Anuari akamshika mkono.

"Rogath, mdogo wangu, ukipita hapo umeiuza timu."

"Mwenyekiti, nimevaa ndala," alisema Rogath. "Siwezi kudaka mpira wa Ligi Kuu kwa ndala." Akapita.

Nyuma yake wakaja wachezaji waliobaki, wengine wakiangalia mbele, wengine wakiuruka ule mstari wa chuma kama dimbwi. Lucky na mwenzake walikuwa ndani tayari. Bushiri aligawa jozi moja moja mpaka gunia likawa kitambaa. Anuari aliiona mechi kutoka nje, kupitia tundu la uzio.

Rogath alidaka kila kitu. Alidaka penalti dakika ya thelathini na nne, na kichwa cha karibu kipindi cha pili ambacho nusu ya uwanja ilishashangilia kama bao. Dakika ya themanini na mbili shuti la kawaida lilimgonga beki wetu gotini, likageuka, likaingia kona ambayo Rogath alikuwa ameshaiacha. Moja bila. Basi.

Hakuna aliyesema goti. Walisema geti. Wakati watu wanatoka, mtu alimpiga Bushiri begani na chupa tupu ya maji, na mwingine akamwita mzee wa geti, na jina lile likafika Mchikichini kabla yake.

"Umeshinda?" aliuliza Sabaha, Bushiri alipoingia.

"Tumefungwa."

"Timu sijaiuliza."

Usiku huo simu ya Bushiri ikaandika kwamba ameondolewa kwenye kundi la Mafundi ya Gerezani. Miaka yote hiyo ya uzi na gundi, na hawakumwandikia hata salamu.

Jumatatu hakupata kazi mpaka adhuhuri. Muuza mikanda alijifanya ana shughuli. Bushiri alikuwa anapiga misumari kwenye soli ambayo haikuhitaji misumari, kwa nguvu isiyohitajika, Rogath alipokuja na kuketi kwenye benchi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kuniambia nini? Wenzako wameshasema."

"Nimekuja kushonewa. Kiatu cha kulia kimeachia pembeni. Jumatano hii hapa."

Bushiri alikipokea akakigeuza. Alikipanua kwa kidole gumba, akapaka gundi, akaanza kushona, shazia ikiingia na kutoka. Rogath alimtazama muda mrefu. Mguu wa mzee ulikuwa umenyooshwa mbele ya kibanda kama kawaida, umepinda ndani, kifundo kimevimba kama ngumi.

"Mzee," alisema Rogath, "wale waliokurusha ukuta mwaka ule, yupo aliye hai? Kwa sababu mimi juzi, pale juu, nilitamani nimjue hata mmoja. Nimtukane kwa niaba yako."

Shazia ikasimama. Mama wa mashuka alikuwa anaita wateja, mashuka, mashuka ya Ulaya, na Bushiri akasubiri anyamaze. Akauvuta uzi hadi mwisho, akaukata kwa meno. Hasira aliyozoea kuikuta pale mdomoni aliitafuta, hakuikuta.

Alisema kwa sauti ndogo mno, hata Rogath akalazimika kuinama.

"Hakuna aliyenirusha, mwanangu. Niliamini. Nilikuwa wa kwanza kupanda."