Mama Aliyeshona kwa Kushoto

Hata leo nikipita mahali pameanikwa merikani mbichi, ile harufu ya pamba iliyoloa ikinipiga puani, moyo hunienda mbio. Wajukuu wangu hunicheka, eti bibi anafurahia harufu ya kufua. Waache wacheke. Mimi pale sinusi nguo, nanusa picha.

Nilikulia Lindi zama za Mwingereza, na picha tulizotazama zilikuwa hazisemi. Bwana Jamali, mwenye duka la vyombo, alikuwa na mashine ya kuzungusha kwa mkono, na ufuta wa Kitomanga ukishapakiwa melini ghala lake lilibaki tupu. Hapo alitundika shuka kubwa ya merikani katikati ya ghala, akaimwagia maji ili mwanga upenye vizuri. Wanaume walikaa upande wa mashine. Sisi wanawake tulikaa upande wa pili, nyuma ya shuka, na mabuibui yetu na karanga zetu. Picha ilitujia kwa kupenya nguo, na matone ya maji yakituangukia miguuni.

Sasa niwaambieni jambo moja kunihusu: mimi ni wa kushoto. Kwa kila kazi mkono huo ndio hutangulia, na Shangazi, dada yake baba, aliyenilea baada ya mama kufariki, jambo hilo lilimkosesha usingizi. Kila asubuhi aliufunga mkono wangu kiunoni kwa kipande cha kanga. Msimwone mbaya, jamani. Aliogopa nitakosa mume. Bibi, mzaa mama, alikaa nasi pia, akishona kofia barazani kutwa, lakini nyumba ilikuwa ya mkwewe na sauti yake haikuwa kubwa. Nami nilitamani kushona kofia kuliko kitu chochote duniani. Kwa mkono wa kulia, sindano ilinichoma mimi kuliko ilivyochoma kitambaa. Shangazi alikwishakata shauri: kushona sikuumbiwa, nifundishwe kutwanga basi.

Ndipo ikaja picha ile. Palikuwa na mama mjane katika chumba cha juu kabisa, chini ya paa, mtoto wake mgonjwa kitandani, naye akiwashonea watu nguo apate kumnunulia dawa. Akavuta kiti dirishani, akachukua sindano, akaanza. Alishona kwa mkono wa kushoto! Niliinuka pale mkekani, Shangazi akanivuta nguo nikae. Mkono wangu ulikuwa umefungwa, lakini vidole vyake vilicheza vyenyewe ndani ya kanga. Yule mama alipompa mtoto dawa kwa mkono uleule, wanawake waliguna, mmoja akasema huyo hakufunzwa adabu kwao. Lakini wakwe matajiri walipokuja kumnyang'anya mtoto, adabu zikasahauliwa, ghala zima upande wetu likalia. Shangazi alilia kuliko wote. Bibi hakulia. Aliinama masikioni mwa Shangazi, akamwambia, "Lakini mshono wake umeuona?"

Tangu siku hiyo sikuwa na hamu nyingine ila ya picha kama ile. Picha za wanaume wanaoanguka ngazini na kumwagiwa rangi zilinitia hasira. Wenzangu wakicheka, mimi nimenuna. Nilitaka za majonzi, za mama na watoto. Ajabu ni kwamba Bibi naye, aliyekuwa akisema picha ni mambo ya watu wasio na kazi, alianza kumsimamisha Bwana Jamali kila akipita barazani petu na kumuuliza kama ipo nyingine mfano wa ile ya mjane. Nikadhani naye zimemnogea.

Zikaja, moja baada ya nyingine. Ikaja ya binti kipofu aliyesuka vikapu, kwa kushoto. Ikaja ya mwalimu wa kike aliyeandika ubaoni herufi za kizungu tusizozijua, kwa kushoto. Ikaja ya dada wawili waliompenda bwana mmoja, na bwana mwenyewe akatia saini ya ndoa kwa kushoto! Mimi nilikuwa juu juu kwa furaha. Kumbe kuna nchi nzima ya watu kama mimi! Usiku ule tukirudi nyumbani, Bibi alimwambia Shangazi, kwa upole kabisa, "Umewaona wale. Wanashona, wanaandika, na wanaolewa. Mtoto ale kwa kulia, apokee kwa kulia. Kazi mwachie mkono unaomtii." Hilo la kuolewa lilimgusa Shangazi. Kesho yake kanga haikufungwa. Nikashika sindano kwa mkono wangu, na sindano ikanitii.

Msimu uliofuata meli ilileta sanduku jipya la picha. Mchana huohuo nilikimbilia ghalani, nikamwamkia Bwana Jamali shikamoo, akaitikia marahaba, nikamwomba atafute nyingine kama ya yule mama wa kushoto.

"Mama yupi wa kushoto?" akauliza.

Nikamweleza chumba, dirisha, wakwe. Akacheka, akasema picha ile imerudi tena katika sanduku hilo. Akaimwagia shuka maji, akafunga milango na kuizungusha picha kidogo, na kwa mara ya kwanza nilisimama upande wa wanaume. Mama akavuta kiti, akachukua sindano. Kwa mkono wa kulia. Nikakimbia nyuma ya shuka: kushoto. Nikarudi mbele: kulia. Bwana Jamali aliona raha kunitazama nikienda na kurudi. Ile nchi yangu ilikuwa imeondoka, na Shangazi akijua tu, kanga ingerudi kiunoni.

Nilimkuta Bibi barazani. Nikajikunja ubavuni pake, nikamnong'oneza huku machozi yananitoka. "Bibi, wale si wa kushoto. Ni shuka. Sisi tulikaa nyuma."

Hakuacha kushona. Alimaliza pindo, akaipindua kofia ndani nje, akaikagua, akaipindua tena, kisha akanipa mimi. "Shona," akasema. "Na Shangazi yako usimwambie. Ataziona picha chungu."

Nikafuta machozi, nikashona. Nilidhani amezeeka, hakunielewa nilichosema. Miaka ikapita, Bibi akatangulia mbele ya haki. Siku moja, nikiwa mama mtu mzima na nyumba yangu, nilikuwa nikishona kofia ya harusi ya mwanangu. Nikaipindua ndani nje, na ua nililoliweka kulia likanitazama kutoka kushoto. Nikaiweka kofia mapajani, nikacheka peke yangu, kisha nikalia.

Bibi alikuwa amepindua nguo maisha yake yote. Alijua tangu jioni ya kwanza, tone la kwanza lilipotudondokea miguuni. Na kila alipomuuliza Bwana Jamali kama ipo nyingine mfano wa ile, hakuwa akitafuta picha ya kulia. Alikuwa akinitafutia mashahidi.