Sufuria Namba Kumi na Tisa

Shemeji yangu ana pua ambayo Mungu aliikusudia kwa mpishi, lakini Meneja wetu akaona inafaa zaidi getini. Kazi yake ni kukagua mifuko. Wewe unakuja na watoto wako siku ya mapumziko, umefunga chakula kwenye kitambaa, ukakizungushia taulo, ukakizika chini kabisa ya begi na juu yake ukapanga nepi za mtoto. Unafika getini unatabasamu kama mtu asiye na hatia. Pua, maana ndivyo tunavyomwita wote, anakutazama kwa huruma na kukwambia, "Samahani mama, huyo kuku amekaangwa leo asubuhi, sivyo?" Begi linafunguliwa.

Mimi nakaa kwenye kibanda cha tiketi, hatua tatu kutoka anaposimama. Amemwoa dada yangu mkubwa, kwa hiyo mchana namwona kazini na jioni nikipita kwa dada namkuta tena, anachambua mchele ambao tayari ni safi.

Bustani yetu ya burudani ina gurudumu kubwa, treni inayopinduka juu chini, vigari vya kugongana na bwawa lenye boti za umbo la bata. Yote hayo sina ugomvi nayo. Taabu huanza mtu anapopata njaa, na mtu aliyepinduliwa juu chini mara tatu na watoto wanne ubavuni hupata njaa mapema. Mlango wa kutoka upo, wa kurudi hakuna. Ukienda kula nje, tiketi yako imekufa. Basi unakula ndani, kwenye mgahawa wenye picha kubwa za vyakula ukutani.

Kwenye picha soseji imenawiri. Kwenye sahani imejikunyata ndani ya mkate kama imekuja kuomba msamaha. Chipsi ni kumi na nne. Niliwahi kuzihesabu nikadhani nimekosea, nikahesabu na za mwenzangu, naye kumi na nne, kwa hiyo angalau haki ipo. Soda huwekewa barafu, au niseme barafu huwekewa soda kidogo. Na chupa moja ya maji, kwa bei yake, ungenunua katoni nzima dukani na ukabaki na chenji ya kumpa pole mwenye duka. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Cha kwetu hakijisumbui hata kutembea. Kimekaa palepale kinakungoja, kinajua huna pa kwenda.

Zamani haikuwa hivyo. Pua alikuwa mpishi wa bustani hiyohiyo kwa miaka kumi na mmoja, na siku hizo jiko lilikuwa na moto. Watu walikuja kula tu, gurudumu wakaliacha lizunguke peke yake. Kisha akaja Meneja na shahada yake na majokofu sita, akaanza kununua vyakula vilivyopikwa mahali tusipopajua, na mtu tusiyemjua, mwaka ambao hakuna aliyethubutu kuuliza. Kazi iliyobaki jikoni ikawa kukata mfuko kwa mkasi na kubonyeza kitufe. Mpishi wa nini tena? Lakini Meneja ni mtu mwenye utu, yeye mwenyewe hutukumbusha kila kikao, na badala ya kumwaga unga wa Pua akampeleka getini. Akasema pua kama ile haiwezi kuachwa ipotee bure.

Miaka sita shemeji yangu alingoja kurudi jikoni. Dada alitaka kiwanja, watoto walitaka televisheni, yeye alitaka jiko. Kila mwanzo wa mwaka aliandika barua ya maombi, akaniletea niiangalie herufi, na kila mwaka Meneja aliisoma hadi mwisho na kusema, "Tutaona." Mtu mwingine angeelewa. Pua aliamini kweli kwamba wanaliangalia.

Sasa, chakula kinachokamatwa getini hakitupwi. Nyuma ya kibanda changu kuna rafu ya mbao. Kila chombo kinabandikwa namba, mwenyewe anapewa kikaratasi chenye namba ileile, akitoka anachukua chake. Hiyo ndiyo sheria iliyoandikwa. Isiyoandikwa ni kwamba kisichodaiwa hadi tunapofunga ni chetu, na watu wengi wakitoka wamechoka hata kukumbuka viatu vyao. Ndiyo maana wafanyakazi wa bustani tunakula vizuri kuliko wageni wa bustani. Meneja vilevile. Sijapata kumwona na soseji yake mwenyewe mdomoni, hata kwa bahati mbaya. Saa kumi na moja jioni hupita kwenye rafu, mikono nyuma, kama anayekagua gwaride, na kuuliza, "Pua, leo tuna nini?" Naye Pua humtajia vyombo vyote bila kufunua hata kifuniko kimoja. Kitu kimoja tu hatukukigusa kamwe, chakula cha mtu aliyekuja na watoto. Hilo tulijiwekea wenyewe, kwa sababu hata sisi tuna mipaka.

Halafu ikaja siku ya mwenye bustani. Tulikuwa tunamjua kwa picha tu, ile iliyotundikwa ofisini. Malalamiko ya chakula yalikuwa yamemfikia, akatuma habari kwamba atakuja kula mchana mgahawani kama mgeni yeyote. Kama mgeni yeyote! Meneja alipaka rangi ukingo wa bwawa, akaziosha boti za bata, akabadilisha vitambaa vya meza. Chakula ndicho alichokisahau. Alikumbuka saa sita kasoro, pale alipojaribu mwenyewe kula chipsi moja.

Akaja kwenye rafu mbio, shati limemganda mgongoni.

"Pua, katika hivi vyote, kipi kizuri kupita vingine?"

Mtu mwenye akili zake angejiuliza kwa nini swali la saa kumi na moja linaulizwa saa sita. Lakini mpishi aliyekaa getini miaka sita, ukimuuliza jambo la kipishi, hafikirii, anajibu. Pua alifumba macho, akapita mbele ya rafu taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho, akarudi hatua mbili.

"Kumi na tisa. Ile sufuria ya kijani. Wali na kuku wa mchuzi. Aliyepika hapo, bosi, hakukiharakisha kitunguu."

Alipofumbua macho, Meneja alikuwa ameshaikumbatia sufuria.

"Bosi, hiyo ni ya yule mama mwenye watoto wanne."

"Nifuate ukaipashe moto na kuipakua. Mzee akiuliza, umepika wewe. Akiondoka hapa ameridhika, kesho jiko ni lako. Naapa mbele ya shemeji yako huyu."

Shahidi nikawa mimi. Nilimwona Pua akifungua mdomo, kisha akaufunga. Nisijifanye mtakatifu, mimi nami niliufunga wangu. Nilimfikiria dada, nikafikiria zile barua sita, nikajiambia watoto wa yule mama wangekula kitu kingine. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na asubuhi ile mimi nilikuwa nimekunywa chai na mayai mawili.

Baada ya nusu saa niliitwa nipeleke kitabu cha tiketi mgahawani ili mwenye bustani akione. Nikamkuta mezani, mzee mwembamba, saa ya mkononi nzito kuliko mkono wenyewe, anamalizia sahani ya pili. Alikuwa anasafisha mfupa kwa ustadi. Meneja alisimama kando akihesabu kila tonge kama muuguzi. Pua alikuwa karibu na mlango wa jikoni, wamemvika kofia nyeupe mpya, bado ina mkunjo wa kutoka kwenye pakiti.

Mzee akajifuta mdomo. "Wanaolalamika wana wazimu. Hiki mnauza shilingi ngapi?"

Meneja akamtajia bei ya soseji.

"Rahisi mno," mzee akasema. "Ongezeni."

"Tutaongeza, mzee. Leo leo."

"Amepika nani?"

Meneja akamsukuma Pua mbele kwa kiganja mgongoni. "Huyu hapa. Mpishi wetu wa siku nyingi."

"Wewe ndiye uliyepika?"

Hilo lilikuwa swali la kujibiwa kwa neno moja. Hata mtoto wa chekechea angelijibu. Nilimkazia macho shemeji yangu, nikawa namwitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, ndiyo, mpaka shingo ikaniuma. Yeye alikuwa anaitazama ile sahani.

"Hapana, mzee," akasema. "Kapika mama mmoja, yuko humu ndani na wanawe. Sufuria yake tuliichukua getini. Mimi nimepakua tu."

Meneja akaangalia dari. Mimi nikangoja mzee aone aibu, maana nilikuwa bado nina imani na wazee.

"Kumbe watu huja na chakula?" akauliza.

"Kila siku, mzee."

"Sufuria nzima nzima?"

"Nyingine ni mbili mbili."

"Na wanaingia nacho bure?"

"Hawaingii nacho, mzee. Tunakizuia."

Mzee akatikisa kichwa, amesikitika kwelikweli. "Miaka yote hii," akamwambia Meneja, "mnakizuia."

Wiki iliyofuata likawekwa bango zuri getini, lenye picha ya familia inacheka. Chakula cha nyumbani sasa ruksa, kwa tiketi. Sufuria kubwa hulipa kiingilio cha mtu mzima, kibakuli cha mtoto. Tiketi za sufuria nauza mimi, na zinakwenda haraka kuliko za treni.

Lakini bado tuko siku ileile. Saa tisa yule mama alikuja na kikaratasi chake, kitoto cha mwisho kinalia mgongoni, wengine watatu wamenyamaza ile nyamaza ya njaa. Alikuwa amewaambia wavumilie, watakula nje ya geti kwenye nyasi. Meneja, mtu mwenye utu, alikuwa ameagiza wapewe maboksi manne ya soseji, bure kabisa. Mtoto wa pili akalifungua lake, akafunua mkate, akamuuliza mama yake chakula kingine kiko wapi. Pua alimrudishia yule mama sufuria ikiwa imesuguliwa inang'aa, akamweleza yote bila kujitetea, uso ameuinamisha. Mama alimsikiliza hadi mwisho.

"Huyo mkubwa wenu alikipenda?"

"Amekula sahani mbili, dada."

"Wangu hawakula hata moja," mama akasema, akaiweka sufuria kichwani, akatoka na wanawe. Nilitamani kibanda kinimeze na tiketi zangu.

Kabla ya kufunga, Meneja alipita getini. Hakugombana. Alimwambia Pua kwa upole kabisa kwamba barua ya mwaka ujao asijisumbue kuiandika, wala ya mwaka wa baada ya huo.

Jioni nilikwenda kwa dada, nimevimba. Dada alikuwa ameshasikia, alikuwa anakuna nazi kwa nguvu ya mtu mwenye kesi. Pua yeye alikaa kwenye kigoda na ungo wake wa mchele, anatafuta mawe ambayo hayapo.

"Shemeji," nikamwambia, "miaka sita. Neno moja tu, ndiyo. Yule mama asingejua, mzee asingejua, na chakula kilikuwa kimeshaliwa. Saa hizi ungekuwa mpishi."

Alipeta ungo wake mara mbili. Nikajiandaa kusikia habari za haki, za Mungu, za machozi ya wale watoto, na nilikuwa tayari kumheshimu. Dada naye akasimamisha mbuzi yake ya nazi ili asikie.

"Nilionja wakati napakua," Pua akasema. "Chumvi ilizidi. Kidogo sana, mtu wa kawaida hagundui. Lakini ingeandikwa kwamba ni mkono wangu."

Dada alinitazama, nami nikamtazama, tukaelewana bila neno kwamba huyu mtu atazeekea getini. Nilimpenda shemeji yangu saa ile kuliko siku zote nilizomjua, nikamwambia ni mjinga.