Muuza Mwarobaini

Goreth husuka nywele saluni, mlango wa pili kutoka kwa mzee Mkongo anayeuza mwarobaini katikati ya Durban, na kila siku humsikia akigombana na wagonjwa. Vidole vya mzee vimegeuka rangi ya magome anayoyamenya. Magome ya mti huo wa Kihindi huyauza kwa tumbo, vijiti kwa meno, majani kwa homa, na hakuna anayeondoka na fungu lake bila kunywa kikombe kwanza mbele yake. Mzee hutazama uso tu. Asiyekunja uso hajameza. Anayetaka vidonge huonyeshwa duka la dawa ng'ambo ya robot, taa za barabarani. Anayeomba sukari huambiwa, “Sisi tulikunywa dawa. Ninyi mnataka chai.”

Juzi homa ikamkamata yeye mwenyewe. Akakaa anatetemeka, na wateja wamesimama kumtazama: asipoinywa dawa yake, nani ataigusa tena? Goreth akamchemshia majani. Kwa huruma akayapunguza, akatia sukari vijiko sita.

“Papa, kunywa.”

Mzee akaonja, akamkazia macho. Goreth akajua leo atatukanwa mbele ya watu. Lakini mzee akainamisha kikombe mpaka tone la mwisho, kisha akaukunja uso wote hadi masikio yakasogea.

“Mumeona?” akawaambia wateja. “Dawa ni hii.”

Akimrudishia Goreth kikombe, akamnong'oneza, “Maman, na kesho utengeneze vile vile.”