Trela Kando ya Ziwa

Mume wangu alikuwa ameweka sharti moja: nikiweza kurudisha trela nyuma na kuiingiza mahali pake mwenyewe, bila kumwita mtu, tutaacha nyumba yetu ya kupanga Apple Valley, Minnesota, na kuchukua kazi za mkataba. Sote wawili ni wauguzi. Hospitali nyingi za kusini huajiri wauguzi kwa miezi michache, na baadhi ya wenzetu huzifuata huku wakiishi ndani ya trela zenye kitanda na jiko, wakizivuta kwa pikapu zao. Mimi ndiye niliyelitaka jambo hilo. Yeye alikuwa akifanya kazi usiku, mimi mchana. Tulipishana mlangoni kama wapangaji wawili, mmoja akivua viatu, mwingine akivaa. Kwenye mkataba tungeweza kuomba zamu moja.

"Na nikitoka kazini nimechoka, nani ataendesha hilo dude?" aliniuliza.

"Mimi."

"Wewe unayepaki gari dogo mara tatu kwenye uwanja mtupu?"

Ni kweli. Gari likikaa kombo kidogo tu kati ya mistari, siwezi kulala vizuri. Sijivunii hali hiyo. Ndivyo nilivyo.

Kwa hiyo nikajifundisha. Sikutaka mwalimu kwa sababu mwalimu anakuona ukikosea. Nilitazama video wakati wa kula, wakati wa kukunja sare za kazi, hata bafuni. Niliyempenda zaidi alikuwa bwana mmoja wa Australia mwenye sauti ya upole. Aliketi kulia kwenye usukani, kama baba yangu alivyoketi kwenye pikapu yake kule nyumbani, na kumtazama kulinituliza. Jumapili asubuhi, kabla maduka ya Bloomington hayajafunguliwa, tulikwenda na trela ya kukodi kwenye uwanja wa kuegesha magari, nikafanya mazoezi ya kurudi nyuma kwa mstari ulionyooka. Ilikwenda vizuri. Palikuwa peupe, hapakuwa na cha kugonga.

Bwana yule alikuwa na ushauri mmoja aliourudia kila mara: chagua nafasi iliyo mkono wako wa kulia, ili uone mkia wa trela kupitia dirisha lako inapokata kona. Nilipolipia wiki moja ya kuegesha trela ile ya kukodi kwenye hifadhi ya jimbo huko Arkansas, kando ya ziwa, ambako tungelipima lile sharti, niliikuza ramani kwenye simu na kuchagua nafasi iliyo kulia kwa barabara. Nilijipongeza. Haikunijia kabisa kwamba yeye huketi kulia na mimi, huku Marekani, naketi kushoto.

Tulitoka Minnesota maziwa yakiwa bado na barafu. Tulipofika kule watu walikuwa wamevaa kaptula na hewa ilinukia misonobari. Barabara ya ndani ilikuwa nyembamba, ya kwenda upande mmoja tu, na kila nafasi ilikuwa na kipande cha saruji na nguzo ya umeme. Kabla sijaanza nilimgeukia mume wangu.

"Mzee, nakuomba. Usiseme neno. Ukiongea nachanganyikiwa."

"Sawa, madam. Mimi ni mzigo." Akakunja mikono.

Niliipita nafasi yetu, nikasimama, nikazungusha usukani kama nilivyofundishwa, nikachungulia dirishani. Niliona miti, jiko la kuchomea nyama la jirani, na mbwa aliyelala. Trela sikuiona. Ilikuwa ikipinda upande wa pili, nyuma ya mgongo wa mume wangu. Kioo cha mbali kilinionyesha ubavu mweupe mtupu. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya kwa majuma yote yale, na masikio yakaanza kuniwaka moto.

Nilishuka nikaangalia, nikapanda, nikajaribu. Nikashuka tena. Trela ilikuwa karibu kuibusu nguzo ya umeme. Majirani walitoa viti vyao nje. Nyuma yangu pikapu iliyovuta boti ilisimama ikinisubiri. Kisha mzee mmoja mwenye kofia akaja hadi dirishani.

"Bibie, nikuingizie? Ni jambo dogo tu."

Alisema kwa heshima, na mkono wangu ulitaka sana kumpa ufunguo. Lakini nilijua ufunguo ule ukiingia kiganjani mwake, sisi tutarudi kwenye kupishana mlangoni.

"Asante sana, bwana. Bado tunajifunza."

Akarudi kwenye kiti chake, ila kilibaki kimetuelekea.

Nilipoweka gia tena nilimtazama mume wangu. Alikuwa amenyamaza kweli, lakini shingo yake haikutulia. Ilikwenda dirishani mwake, kwenye kioo, dirishani, huku mguu wake ukikanyaga sakafu kana kwamba kuna breki. Alikuwa akiona kila nilichokuwa nikikitafuta. Kumuuliza kulikuwa ni kushindwa sharti, na mimi sijui kushindwa mbele ya watu.

"Unaona nini?" nikasema.

"Niongee?"

"Ongea."

"Na sharti?"

"Nimelishindwa. Niambie unaona nini."

Akatoa kichwa nje. "Nguzo iko mbali na tairi, karibu mkono mzima. Njoo. Njoo polepole. Simama, kuna mti."

"Mti gani?"

"Mti, madam. Jina lake tutauliza baadaye. Kata kushoto. Haya, njoo."

Ikaingia. Ilikaa kombo, tairi moja nje ya saruji. Mkono wangu ulirudi kwenye gia ili ninyooshe, nikauzuia, nikazima injini.

Jioni tuliketi karibu na maji tukinywa chai. Nilianza mimi. "Sikuweza mwenyewe. Tutabaki Apple Valley. Nimekubali."

Akaweka kikombe chini. "Unajua nilichokuwa nikikiogopa? Si kuendesha kwako. Ni kukaa pale kando miezi yote, nikiambiwa ninyamaze."

Muda wote nilidhani anaitilia shaka mikono yangu. "Sasa lile sharti lilikuwa la nini?"

"Nilidhani utakata tamaa mapema." Akacheka kwa aibu. "Nimekuoa, na bado sikujui."

Asubuhi, kabla ya chai, niliitoa trela na kuiingiza tena, kichwa cha mume wangu kikiwa nje ya dirisha. Ikakaa vibaya kuliko jana. Tukaitoa. Tulifanya hivyo kila siku ya wiki ile, na majirani wakazoea, wakaacha kutoa viti. Siku ya kuondoka alimpigia simu dada mmoja wa ofisi inayowatafutia wauguzi mikataba, akaomba zamu moja kwa wote wawili. Mimi nilikuwa nikichomoa waya wa umeme kwenye nguzo. Niliuzungusha mkononi polepole, bila kelele, ili nisikie anavyojibiwa.